Ile nafasi tupu kando ya L

Hebu itazame kibodi ya rununu yako, msomaji. Mstari wa juu una herufi kumi, Q hadi P. Mstari wa chini una saba, Z hadi M, zikibanwa na vitufe viwili vipana, cha herufi kubwa na cha kufuta. Mstari wa kati ndio wa ajabu. Una herufi tisa tu, A hadi L, na kila ncha pamebaki nafasi tupu ya nusu kitufe. Nusu na nusu ni kitufe kizima kisicho na jina.

Sasa nenda kwenye tarakilishi. Baada ya L pana nukta-mkato, na baada ya nukta-mkato pana ritifaa. Simu ilipozipunguza alama ili kidole gumba kipate pa kukanyaga, hizo mbili ziling'olewa zikatupwa kwenye ukurasa wa pili, pamoja na tarakimu na mabano. Nukta-mkato haikuliliwa na mtu. Ritifaa ni jambo jingine, na neno "ziling'olewa" limekwisha kukuonyesha kwa nini.

Mjadala kuhusu nafasi tupu za kibodi si mgeni. iPhone X ilipotoka mwaka 2017 bila kile kitufe cha duara cha chini, kibodi iliinuliwa juu kidogo na chini yake pakabaki ukanda mpana wenye alama mbili tu, moja ya kubadili kibodi na nyingine ya maikrofoni. Watumiaji wengi wakauliza mbona pasiwekwe vitufe. Wabunifu wana jibu lao, nalo si la kipuuzi: gumba halifiki chini kabisa bila mkono kuyumba. Lakini mjadala huo umeendeshwa zaidi na watu ambao majina yao yanaandikika kwa ukurasa wa kwanza. Wa kwetu haujasikika.

Chukua Soin. Ni ile nchi ya joto inayoteremka kutoka mashamba ya chai ya Kericho kuelekea mpaka wa Kisumu. Jina lenyewe, kwa Wakipsigis, lina maana ya nyanda za chini, kinyume cha mosop, kule juu kwenye baridi na majani chai. Pitia orodha ya darasa lolote huku, au ya wakulima wanaopeleka chai Kericho na Bomet, utakutana na Lang'at, Ng'eno, Ng'etich, Kiplang'at. Majina haya yana habari ndani yake. Kiplang'at ni mtoto aliyezaliwa jioni. Ng'etich humkumbusha mtu ile saa ng'ombe wanapoinuka kwenda malishoni. Vuka mpaka uingie Kisumu utakutana na Gavana Anyang' Nyong'o, mwenye ritifaa mbili, na binti yake Lupita, aliyeitembeza moja yake hadi kwenye tuzo za Oscar za 2014. Panda Mlima Kenya, utamkuta Ng'ang'a.

Ritifaa iliingiaje katika maandishi yetu? Kabla ya hati ya Kirumi kushika, washairi wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika kwa hati ya Kiarabu, na herufi ghaini ikabebeshwa mzigo mzito: gh, g, ng na ng' zote ziliiangukia. Msomaji aliijua lugha, akaamua mwenyewe kipi ni kipi.

Kisha ikaja mashine ya taipu. Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee, Marekani, walipata hataza mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mashine yao 1874. Mashine hizi zilikuwa bahili wa nafasi kupindukia. Nyingi hazikuwa hata na tarakimu 1, mpigataipu akitumia l ndogo. Nyingi hazikuwa na alama ya hisi pia. Ulipiga ritifaa, ukarudi nyuma hatua moja, ukapiga nukta chini yake. Wazee waliofanya kazi ya ukarani wanayakumbuka haya. Ritifaa ilikuwa kibarua wa kila kazi.

Ndipo wataalamu walipoketi kuamua tahajia za lugha za Afrika. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika iliundwa London mwaka 1926, na mwaka uliofuata ikatoa mapendekezo ya alfabeti yenye herufi maalumu, mojawapo ikiwa ŋ, ile n yenye mkia. Sauti moja, herufi moja. Kwa mwanaisimu hilo ni safi kabisa. Kwa karani wa wilaya aliyekuwa na mashine moja iliyotoka Uingereza, lilikuwa ndoto. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ikaanza kazi Januari 1930, na Kiswahili kikabaki na ng'. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaiandika hivyo hivyo tunavyoiandika leo. Waganda walishika njia nyingine: tahajia ya Luganda ya 1947 iliikubali ŋ. Lakini mtazame Muganda akiandika ujumbe leo. Mara nyingi utamwona akiandika ng', kwa sababu n yenye mkia haimo kwenye simu yake. Mashine ilimshinda mwanaisimu Kampala, miongo mingi baada ya mkutano.

Kwa maoni yangu uamuzi wa kubaki na ng' ulikuwa wa busara kwa wakati wake. Uliegemea alama ambayo kila mashine ilikuwa nayo. Hakuna aliyeweza kujua kwamba siku moja itakuja mashine itakayoficha alama hiyo na badala yake iache pengo.

Nchi ya chai yenyewe haikukosa wajuzi wa mambo haya. Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alichapisha mwaka 1979 kitabu kizima juu ya isimu ya Kikalenjin. Ila kibodi za simu hazichorwi Kericho.

Kuna atakayesema, "Aa, mwalimu, tunaelewana tu! Nani atakosa kujua ngombe ni ng'ombe?" Kweli, ng'ombe hana shida. Lakini ng'ata ni kuuma kwa meno, ilhali ngata ni ile kata ya majani au kitambaa anayowekewa mtu kichwani abebe mzigo. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu, ni tamaa. Ng'ara ni kumeta, na Ngara ni mtaa wa Nairobi ambao sitasema kama unang'ara. Na neno letu la kuitaja sauti yenyewe, king'ong'o, linadai ritifaa mbili!

Mwingereza hana adha hii. Akiandika dont, simu inamrekebishia yenyewe, kwa kuwa dont haina maana nyingine. Simu itakurekebishiaje ngoa, ilhali maneno yote mawili ni halali? Inambidi mwandishi aseme mwenyewe. Ili aseme, abonyeze kitufe cha ukurasa wa pili, aitafute ritifaa, kisha arejee kwenye herufi. Kwa king'ong'o, safari hiyo ni mara mbili. Si ajabu vijana wameamua kutosafiri.

Hata hivyo, zito zaidi liko kwenye majina. Msomaji wa utenzi wa Pate alikisia, na mtu bado anakisia. Mashine haikisii. Inalinganisha herufi kwa herufi, na kwake Langat na Lang'at ni watu wawili. Mtoto anasajiliwa Lang'at shuleni, kitambulisho kinatoka Langat, na siku ya kufungua akaunti au kuomba mkopo wa elimu familia inaenda kwa wakili kulipia hati ya kiapo kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Mara nyingine alama inaandikwa, lakini inatua pasipo pake: Lan'gat, N'getich, ngo'mbe. Halafu kuna ritifaa iliyonyooka na iliyopinda. Kwa jicho ni ile ile. Kwa mashine ni alama mbili zenye namba mbili. Tangu 2017 iPhone huipinda yenyewe usipoizuia, na arafa ya kawaida yenye nafasi ya herufi 160 ikiingiwa na ritifaa moja iliyopinda hushuka hadi herufi 70. Jina la mtu wa Soin linaweza kuongeza gharama ya ujumbe!

Je, pengo la kando ya L lijazwe? Wahispania walikwishalijaza. Kwenye kibodi zao za simu, baada ya L, wameketisha Ñ, na mstari wa kati una herufi kumi kama wa juu. Kwa hiyo usiambiwe haiwezekani.

Pingamizi la kweli ni hili: zile nafasi si tupu kama zinavyoonekana. Ukigusa pengo lililo kushoto kwa A, simu nyingi huandika A. Ukigusa la kulia, huandika L. Ni ukumbi wa kusamehe makosa ya kidole. Na A ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko herufi nyingi katika Kiswahili, lugha ambayo maneno yake ya asili huishia kwa irabu. Ukiongeza kitufe cha kumi, A inasukumwa hadi ukingoni mwa kioo na kupoteza ukumbi wake. Hasara hiyo ipo, nami sitaifichaficha.

Wengine hupendekeza tuifukuze Q au X, maana Kiswahili sanifu hakizihitaji. Siungi mkono. Mkenya huandika Kiswahili, Kiingereza na lugha ya mama katika ujumbe mmoja. Isitoshe, vijana walizitafutia vibarua hivyo zamani: "xaxa" na "xana" zilijaa kwenye arafa zao, hata "qwani" niliiona. Acheni zibaki. Ritifaa irudishwe ilikokuwa, kulia kwa L, na anayeandika Kiingereza pekee awe na hiari ya kuiondoa.

Mpaka hapo, karani wa shule anayesajili watoto muhula huu aandike ritifaa iliyonyooka, baada ya g, kabla ya irabu, kila mara, na amsomee mzazi jina kwa sauti kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.