Juisi ya Ndizi Kabla ya Blenda

Tukisikia habari za kutengeneza juisi nzito ya matunda nyumbani, sisi wanafunzi hufikiria kwanza blenda na bei yake. Fikra hiyo ina umri mdogo. Blenda ilibuniwa Marekani: Stephen Poplawski aliomba hataza yake mwaka 1922 akitafuta namna ya kuchanganya vinywaji vya maziwa, na mwaka 1937 mwanamuziki Fred Waring alianza kuuza ile iliyokuja kubeba jina lake. Kwetu Uganda, watu walikuwa wamekamua matunda majumbani tangu zamani, bila umeme wala sukari. Insha hii inahusu Buganda, na inauliza kinywaji hicho kiligharimu nini hasa.

Waganda waligawa ndizi zao katika makundi mawili makubwa: matooke za kupika na mbidde za kukamua. Mgawanyo huo ulikuwa pia wa jinsia. Matooke zilihesabiwa kuwa za wanawake, mbidde za wanaume. Mbidde mbichi zilifukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, zikaachwa siku kadhaa hadi ziive. Zilipomenywa zilitiwa katika chombo cha mti kiitwacho lyato (neno lile lile la mtumbwi wa ziwani), zikachanganywa na nyasi kali za essubi, kisha wanaume wakazikanyaga kwa miguu. Nyasi hizo ndizo siri yote. Hupasua nyama ya tunda na kunasa makapi, maji yakatoka mepesi na matamu. Hayo ndiyo omubisi. Rwanda na Burundi huitwa umutobe. Ndizi hizo hizo ukizitia katika blenda hupati maji, unapata uji, na ili unyweke inabidi uongeze maziwa au maji. Gharama huanzia hapo.

Wanaoandika juu ya ndizi hupenda kukimbilia tonto, pombe inayopatikana omubisi ukitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa uchachuke. Ni kweli sehemu kubwa iliishia huko. Lakini siku ya kukamua watoto walikunywa omubisi wenyewe, na kwa kuwa haukai, hapakuwa na sababu ya kuwanyima. Naona historia ya kinywaji isiandikwe kwa kuwafuata walevi peke yao.

Hata hivyo, kusema kilikuwa cha bure si sahihi. Kililipiwa kwa kazi na kwa ardhi. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi nyingi kwa wakubwa, na mkulima akajikuta anadaiwa kodi ya busuulu pamoja na envujjo, yaani sehemu ya mazao yake. Madai hayo yalipanda hadi sheria ya mwishoni mwa miaka ya 1920 ilipoyawekea kikomo. Tangu hapo mgomba ulikuwa wa nyumbani kweli, lakini ulisimama katika shamba la mwingine.

Pigo la pili ni la enzi yetu. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa Mukono. Kayinja, ndizi iliyotoka nje na kupendwa kwa juisi kwa sababu huvumilia udongo hafifu, iliathirika kuliko nyingi, kwani wadudu hubeba vimelea wakitembelea ua linaloning'inia chini ya mkungu. Nyumba nyingi zilipoteza omubisi zisipoteze matooke kwa kiasi kile kile. Leo mwanafunzi wa Kampala huununua ukiwa katika chupa ya plastiki, naye anayeishi bweni lisiloruhusu vyombo vya umeme hana hata blenda ya kujifariji. Vijijini wanaoendelea kukamua huliondoa ua hilo mapema, kwa kijiti chenye panda badala ya panga, maana panga hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.