Jina la Kituo Kwenye Kioo cha Redio: Linatoka Wapi na Linakusaidia Nini

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa mpya mara kwa mara. Mvua zile zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Siku kama hizo msikilizaji wa Kivinje, Songosongo au Mchinga anahitaji kujua mambo mawili haraka: anasikiliza kituo gani, na taarifa ni ya saa ngapi. Redio nyingi za gari, na baadhi ya zile za nyumbani, huandika maneno kwenye kioo. Tuone maneno hayo yanatoka wapi na ni yapi ya kuyategemea.

Maandishi yanatoka wapi?

Huduma hii inaitwa RDS. Ilibuniwa Ulaya katika miaka ya 1980. Kituo cha FM kinaporusha sauti, hupitisha pamoja nayo mawimbi ya kilohezi 57 ambayo sikio haliyasikii. Redio yenye RDS huyasoma na kuyageuza kuwa herufi. Hakuna bando wala intaneti inayohitajika.

Huduma hii ni ya FM tu. Pia si kila kituo kinairusha, wala si kila redio inaisoma. Ukiona namba ya masafa peke yake, usidhani redio yako ni mbovu.

Alama za kwenye kioo na vitufe

PS ni jina la kituo, lenye herufi zisizozidi 8. Vituo vingine hupitisha hapo maneno mengine kipande kwa kipande, na jina likaonekana kubadilika. Kwa hiyo kariri pia namba ya masafa.

RT ni maelezo marefu zaidi, hadi herufi 64, kama jina la kipindi au la wimbo.

CT ni saa inayotumwa na kituo. Ikiandika 19:00, kwetu ni saa 1 usiku. Ikiwa iko nyuma kwa saa 3 kamili, inafuata saa ya kimataifa. Tafuta kwenye mipangilio uweke +3, au izime uipange saa kwa mkono.

AF huisaidia redio kuhamia mnara mwingine wa kituo kilekile mawimbi yanapofifia. Inafaa ukiwa safarini, mathalani kutoka Nangurukuru kwenda Lindi. Nyumbani, redio ikirukaruka au kukatika sauti, izime.

TA hukatiza muziki wa flashi au CD ili upate matangazo ya barabarani, kama kituo kinayatoa. Gari likianza kutafuta vituo lenyewe, angalia kama TA imewashwa.

PTY ni aina ya kipindi: habari, michezo, muziki. Neno ALARM limetengwa kwa ajili ya dharura, lakini huonekana tu kama kituo kimelituma. Usikae ukilisubiri.

Jina likipotea

Mawimbi yakidhoofika, mara nyingi maandishi hupotea kabla ya sauti. Kwa hiyo jina likitoweka na sauti ikaanza kukwaruza, vuta antena yote, sogeza redio karibu na dirisha, au geuza upande. Jina likirudi na kutulia, hapo ndipo mahali pake. Paweke alama kabla ya masika.

Kwa simu yenye FM, waya wa hedifoni ndio antena. Uchomeke hata kama unasikiliza kwa spika, kisha unyooshe.

Kioo hakisemi yote

Jina kwenye kioo linakuambia unasikiliza kituo gani. Halikuambii kama taarifa ni mpya, kwani kipindi kinaweza kuwa cha marudio. Saa ya kioo nayo ni ya sasa. Si saa ambayo taarifa ilitolewa. Hayo utayapata kwa mtangazaji, hivyo msikilize mpaka ataje tarehe, saa na chanzo chake.

Sauti iliyorekodiwa na kusambazwa kwa WhatsApp haina hata jina hilo la kioo. Onyo la mwaka juzi linaweza kukufikia leo likazuia mashua bure. Ubaya zaidi ni taarifa ya zamani ya bahari shwari kumtoa mvuvi siku ya upepo mkali.

Kwa hiyo, kabla hujatweka tanga au kuanza safari, fanya hivi: soma jina na masafa, subiri taarifa ya hali ya hewa, sikia imetolewa lini na nani. Kama hukusikia tarehe, subiri taarifa inayofuata au muulize kiongozi wa BMU wa kijiji chako kabla ya kutoka.