Nyumba ya mnada Mwanza: ukilipa bei, gharama ndiyo kwanza zinaanza

Tangazo lipo ukutani: nyumba ya vyumba vinne Buswelu, ina hati, inapigwa mnada kwa sababu mkopaji kashindwa kurejesha mkopo wa benki. Watu wanasema ni bei ya kutupa. Inawezekana kweli, lakini kabla hujanyoosha mkono, piga hesabu yote.

Tuseme umeshinda kwa Sh72 milioni. Kwa masharti ya minada mingi unalipa asilimia 25 palepale, yaani Sh18 milioni, na Sh54 milioni zilizobaki ndani ya siku 14. Ukichelewa, ile ya kwanza inaweza kwenda na maji. Ukitegemea mkopo kumalizia, jua siku 14 ni chache mno.

Halafu kuna ushuru wa stempu, asilimia moja ya bei, hapa Sh720,000. Ongeza ada za uhamisho na za wakili. Na aliyeshindwa kulipa benki, mara nyingi hata kodi ya pango la ardhi hakulipa. Uliza pia bili ya maji MWAUWASA. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo kama mita imekaa muda bila kununuliwa umeme, deni linaweza kukusubiri wewe.

Hayo ni madogo. Shida kubwa ni watu waliomo ndani.

Mnada haukupi funguo. Familia ikigoma kutoka, huruhusiwi kwenda na vijana kuwatolea vyombo nje. Unafungua shauri mahakamani au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na amri ikitoka inatekelezwa na dalali wa mahakama. Huku nyuma milango inang'olewa, masinki yanaondoka, hata nyaya ukutani. Anayepoteza nyumba aliyoijenga miaka kumi hana sababu ya kukutunzia.

Kingine ni mke au mume. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 114, inataka ridhaa ya mwenza pale nyumba ya ndoa inapowekwa rehani. Mume akikopa kimyakimya, mke anaweza kwenda mahakamani kupinga rehani yenyewe, na wewe uliyelipa unaunganishwa kwenye kesi usiyoijua mwanzo wake.

Mkopaji naye ana hoja zake. Alipaswa kupewa notisi ya siku 60 kabla ya kuuziwa, na mnada wa ardhi unatakiwa kutangazwa siku 14 kabla. Bei pia ina kikomo cha aina yake: nyumba kama hiyo ikiwa inauzwa Sh100 milioni kwa wastani, ukaichukua kwa Sh75 milioni au chini, sheria inachukulia kuwa benki haikutafuta bei nzuri, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Ile "bei ya kutupa" ndiyo inampa mkopaji sababu ya kushtaki.

Kifungu cha 135 kinamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Mkopaji aliyeonewa anadai fidia kwa aliyeuza. Ila ukijua kuna kasoro ukanunua hivyohivyo, usitegemee ulinzi huo. Na hata ukishinda, kesi inaweza kuchukua miaka huku pesa yako imelala.

Kwa nyumba za kando ya ziwa, chukua futi kamba. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Maji ya Ziwa Victoria yalipopanda 2020, wengi waliona mpaka huo ulivyo na maana. Kule milimani kama Mabatini na Igogo, ambako watu walijenga kabla ya kupimwa, angalia kama kinachouzwa ni hati kweli au ni makaratasi ya mauziano tu.

Kwa hiyo kabla ya siku ya mnada, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna zuio au rehani nyingine. Iombe benki nakala ya notisi na ya ridhaa ya mwenza. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa, yeye anajua nani anagombana na nani. Kisha nenda kwenye nyumba yenyewe jioni, saa moja hivi, uone taa zipi zinawaka na ni nani anapika.