Kiwanja cha Ndege cha Embakasi na Watu Waliokijenga

Msafiri ashukaye Nairobi kwa ndege huona kwanza nyika tupu: majani makavu, miti michache ya miiba, na pengine, kwa upande wa mbuga ya wanyama, twiga aliyesimama peke yake. Kisha huuona mstari mrefu wa lami uliolazwa katika nyika hiyo. Magurudumu yakigusa chini, kila mtu huwaza mizigo yake na hati zake za safari, na ni wachache mno waulizao mstari ule ulilazwa na nani. Sisi twaona swali hilo lafaa kuulizwa, maana jibu lake ni sehemu ya tarikhi ya Kenya ambayo si wote waijuao.

Ndege, ambazo wazee wetu waliziita eropleni, zilikuwako Nairobi miaka mingi kabla ya Embakasi. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege ndogo ndogo, na jina lake lingali katika kiwanja cha Wilson hata leo. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuchukua abiria kutoka London hata Cape Town, na Nairobi ilikuwa kituo kimojawapo katika safari hiyo iliyozidi juma zima. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaundwa East African Airways, mwaka 1946, iwe kampuni ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja pamoja. Ndege kubwa za siku zile zilitua Eastleigh, katika kiwanja kilichokuwa pia cha askari wa anga. Ndipo aliposhukia Binti Mfalme Elizabeth mwezi wa Februari 1952, naye kabla juma halijaisha akawa Malkia, hali akiwa bado katika nchi ya Kenya.

Lakini Eastleigh ilikuwa imebanwa na nyumba za watu, na ndege zilizidi kuwa nzito. Tena kuna jambo la hewa. Embakasi iko futi 5,330 juu ya bahari, na katika mwinuko kama huo hewa ni nyepesi. Injini hupungua nguvu, na mabawa hayapati kitu kizito cha kuegemea. Kwa hiyo ndege hulazimika kukimbia mbali kabla haijainuka, kuliko ingekimbia Mombasa au Dar es Salaam. Njia ya kurukia ya Embakasi leo ina urefu wa meta 4,117, yaani zaidi ya maili mbili na nusu. Nafasi kama hiyo haikupatikana mjini. Ilipatikana katika uwanda, kusini-mashariki.

Uwanda huo ni tambarare, walakini udongo wake ni ule mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Aliyewahi kujenga nyumba juu yake aujua. Hauwezi kubeba ndege. Sharti uchimbwe uondolewe, na mawe yawekwe mahali pake. Basi mikono mingi ilihitajiwa, nayo ilipatikana kwa namna hii. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana, Sir Evelyn Baring, alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, pamoja na Waembu na Wameru, walikamatwa. Wengine walihukumiwa na mahakama, wengine wakawekwa kizuizini pasipo kuhukumiwa. Huko Embakasi kulikuwa na kambi yao, na kazi yao ilikuwa kiwanja. Walichimba, wakavunja mawe, wakachukua udongo, askari wakiwasimamia. Twajua kwamba wahandisi walichora na kupima, nao wana heshima yao. Ila katika vitabu vingi vya safari wahandisi hukumbukwa, na hao wengine hawatajwi hata kwa neno moja.

Mwaka 1958 kiwanja kilifunguliwa, na aliyekifungua ni Gavana yule yule, Sir Evelyn Baring.

Ajali kubwa iliyotokea hapo ilikuwa ya tarehe 20 Novemba 1974. Ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 iliruka na sehemu za mbele za mabawa yake zikiwa zimefungwa, ambazo hufunguliwa ili kuinua ndege. Haikupanda, ikaanguka karibu na mwisho wa njia, na watu 59 wakafa katika 157. Ilikuwa mara ya kwanza watu kufa katika kuanguka kwa ndege ya aina hiyo.

Wakati huo abiria walikuwa wameongezeka, na jumba jipya likaanza kujengwa ng'ambo ya pili ya njia, kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia. Lilijengwa kwa umbo la nusu duara, ndege zikisimama nje yake na magari ndani yake, pamoja na mahali pa shehena na kituo cha wazima moto. Lilikusudiwa abiria milioni 2 na nusu kwa mwaka. Rais Jomo Kenyatta alilifungua mwezi wa Machi 1978. Mwezi wa Agosti akafariki dunia, na kiwanja kikapewa jina lake. Tukumbuke basi ya kuwa kiwanja hiki kilipokuwa kikichimbwa, Mzee Kenyatta mwenyewe alikuwa mfungwa huko Lokitaung, kaskazini kabisa, kwa kushtakiwa kuwa kiongozi wa Mau Mau. Jina la mfungwa mmoja limeandikwa mlangoni.

Ya baadaye twayapitia upesi. Shehena iliyo mashuhuri ni maua, hasa mawaridi ya Naivasha, yakatwayo leo na kuuzwa Ulaya kabla hayajanyauka. Mwezi wa Aprili 1910 ingekuwa si kitu, lakini Aprili 2010, majivu ya mlima wa moto wa Iceland yalipozizuia ndege za Ulaya, maua mengi yaliozea Kenya na vibarua wakakosa kazi. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jumba la abiria wanaowasili kutoka nchi za nje, na kwa muda wageni wakapokewa katika mahema. Mwaka uliofuata jumba jingine likaanza kutumiwa.

Jumba la 1958 liko upande wa kaskazini wa njia, mikononi mwa jeshi la anga. Waliochimba wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wako karibu na miaka 90 au wameipita, na wengi hawako tena. Mwalimu aliye na mzee wa namna hiyo jirani ya shule yake na ampeleke mwanafunzi mwenye daftari, amwulize: alitoka kijiji gani, alitumia chombo gani, walikula nini, na ndege ya kwanza ilipotua alikuwa wapi.