Nyumba ndogo mbele ya ziwa: funzo la Bagira kwa wanaojenga leo Kasha

Bukavu – Mvua zinaporudi mwezi wa tisa, familia nyingi za kata ya Kasha, komini ya Bagira, hujiuliza: je, nyumba itasimama? Wanaouliza zaidi ni waliokimbia vita vijijini na kujenga haraka kwa mbao na manjanja. Historia ya mji ina sehemu ya jibu.

Wakati wa ukoloni, mji ukiitwa Costermansville, Wazungu walijichagulia rasi zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu, kama Muhumba na Nguba. Nyumba zao nyingi hazikuwa na mapambo mengi: kuta laini, madirisha mapana yanayotazama maji, baraza ya kukinga jua na mvua. Bukavu iko mita 1500 hivi juu ya bahari. Joto si kali, ila mvua ni nyingi.

Wakongo walipangiwa vilimani, kwanza Kadutu. Mwaka 1952 Ubelgiji iliunda OCA, ofisi ya kujenga makao ya Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo, na ndiyo iliyojenga Bagira. Ubaguzi ulikuwa wazi: mfanyakazi alipata vyumba vichache, mbali na rasi. Hata hivyo, nyumba hizo ndogo zilijengwa kwa safu, na barabara zikapangwa pamoja nazo.

Vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata vilileta watu wengi mjini. Nafasi zilijaa, watu wakapanda hadi kwenye miteremko ambayo hakuna aliyeipima. Leo udongo ukiporomoka unabeba nyumba, na moto ukiwaka kwenye mbao unaruka kwa jirani. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 nalo lilionyesha kwamba ukuta mzito usiofungwa vizuri ni hatari.

Kwa hiyo nyumba rahisi si aibu. Kinachoiponza ni maji yasiyo na njia. Familia isiyo na pesa za simenti inaweza kuanza na haya: kuchimba mtaro upande wa juu wa nyumba, kutokeza manjanja mbele ya ukuta, kuacha nafasi kati ya nyumba na nyumba, na kutokata kilima wima.

Mtaro usiishie kwa jirani wa chini. Hapo avenyu nzima inapaswa kukubaliana, jembe mkononi, kabla ya mwezi wa tisa.