Nyumba za Mbweni: Walioanza Maskani Bila ya Ukoo

Kila mwaka katika kitabu chetu hiki tunasoma khabari za koo zetu: nani kamzaa nani, nani kamuoa nani, na nyumba ya fulani ilikuwa mtaa gani. Ni khabari njema, na watoto wetu waliozaliwa ughaibuni wanazihitaji sana. Safari hii naomba niwaeleze jamaa khabari za majirani zetu ambao hawakuwa na ukoo wa kuutaja, wakaanza nyumba zao pasi na baba, mama, mjomba wala somo. Hao ni Wakristo wa Mbweni, kiasi cha maili 4 kusini ya mji wa Unguja.

Misheni ya Kiingereza ya UMCA ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Sayyid Majid alimpa watoto watano wa kiume waliokuwa watumwa, na mmoja wao ni John Swedi, ambaye baadaye alikuwa shemasi. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, kikapiga kile kimbunga kilichosimuliwa na wazee wetu, kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Kisha tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash akakubali mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Lakini kufungwa soko si kukoma biashara. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri, na manowari za Kiingereza zikiyakamata. Kuanzia 1874 hata 1883 manowari iitwayo London ilitia nanga bandarini kwetu kwa kazi hiyo. Waliookolewa waliitwa mateka. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wengi wao wanawake na watoto, waliokwisha kutembea kwa miguu kutoka bara hadi pwani. Kurejea kwao hakukuwezekana, maana njia ile ile ndiyo iliyokuwa ya wakamataji.

Misheni iliwapa watu wazima kiwanja cha kujenga, kipande cha kulima, na kazi ya kibarua katika shamba lake. Wakajenga nyumba za miti na udongo, wakaezeka makuti.

Nimesomesha historia kwa miaka mingi, na nimeona kuwa vitabu vya misheni vinahesabu zaidi waliobatizwa na makanisa yaliyojengwa. Nyumba zenyewe zinatajwa kwa kupita. Mimi naona humo ndimo mlimokuwa na kazi kubwa kuliko zote. Fikirini mume Mmakua na mke Myao, kila mmoja kaletwa na jahazi yake. Hawasikilizani kwa lugha ya mama zao. Lugha ya kuulizana chumvi iko wapi ilikuwa Kiswahili, na wote wawili walijifunza ukubwani. Mtoto akizaliwa, hicho hicho Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yake ya kwanza. Basi yule mama alimpa mwanawe lugha ya mama ambayo yeye mwenyewe hakupewa na mama yake! Hali kadhalika katika chakula. Aliyelelewa kwa ugali wa mtama na mboga za porini alijifunza kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akachuja tui. Jamaa waliotoka kwetu mwaka 1964 na baada yake watanielewa bila ya maelezo: ukifika Muscat, Dubai au Portsmouth, swali la mwanzo la jikoni lilikuwa nazi itapatikana wapi.

Askofu Edward Steere, aliyeshika pahala pa Tozer mwaka 1874, alikuwa bingwa wa Kiswahili, na hakutaka watu wake wageuzwe Wazungu. Vijana wa skuli ya Kiungani walivaa kanzu, na sala zilisomwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo nyumba ya Mbweni ilikuwa na mafiga, chungu na mkeka kama nyumba nyengine yoyote ya shamba. Sisi tuliosoma chuoni, ambao tunazijua sauti za watoto wakikariri kwa pamoja, tungelipita pale tungelidhani tumefika kwetu, mpaka tusikie kengele.

Wasichana walikuwa na skuli yao pale Mbweni. Mwaka 1877 ikapata mwalimu, Bibi Caroline Thackeray, aliyekaa Unguja mpaka alipofariki mwaka 1926. Wasichana walisoma na kuandika. Walishona, walipika, walifua na kusuka ukili. Hapa sitaficha maoni yangu. Misheni ilitaka wake kwa ajili ya walimu wake, na iliposema fulani aolewe na fulani, msichana hakuwa na mzee wake wa kumtetea. Sisi pia tulichaguliwa na wazee, lakini mzee huijua tabia ya mjukuu wake. Pamoja na hayo, msichana yule aliyekuwa bidhaa katika jahazi alipata mlango wake mwenyewe wa kuufunga usiku. Jambo hilo si dogo, na waliowacheka kwa kuwaita mateka hawakulifikiri.

Amani yenyewe haikuwa ya kutegemewa. Watu waliibwa hata Unguja. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu wa Mbweni kutoka Lindi kwa miguu, kwa nia ya kuwarejesha kwenye nchi za Nyasa walikotoka baadhi yao. Walipofika Masasi wakaona maji na ardhi nzuri, wakakubali kubaki. Wakajenga upya, mara ya pili katika maisha yao. Septemba 1882 Magwangwara, ndio Wangoni, wakaishambulia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakatekwa. Waliokombolewa walirudi wakiwa na mikono mitupu. Misheni ikahamia Newala, lakini Masasi haikufa: watu walirejea wakajenga tena, na mwaka 1926 ikawa makao ya dayosisi.

Katika nyumba za Mbweni iliyonivutia zaidi ni ya Cecil Majaliwa na mkewe Lucy. Cecil aliuzwa utotoni, akalelewa na misheni. Lucy alisoma skuli ya Mbweni. Mwaka 1886 walikwenda Chitangali, katika nchi ya Wayao, na mwaka 1890 Cecil akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Vitabu vinamsifu kwa mahubiri yake, nami sina neno. Ila padri asiye na Mzungu wa karibu, anayepokea wageni na wanafunzi kila siku, mlango wake hufunguliwa na mkewe. Maji, uji, mgonjwa wa kulazwa, mtoto wa kulea, yote yalipitia kwake. Walikaa huko kiasi cha miaka 11, wakarudi Unguja mwaka 1897.

Mwaka huo huo, tarehe 6 Aprili, Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria, na mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mahkama kuuomba. Lucy na Cecil hawakuwa na haja ya kwenda. Wao walikuwa na nyumba yao zamani.