Fomu haijazwi na mtu mmoja

Mwezi wa 3 dada mmoja wa kikundi chetu hapa Nsambya aliniletea simu yake. "Kaka, nisaidie hii fomu." Ilikuwa programu ya vijana ya utetezi wa haki za raia, wiki nne, mwezi wa 7. Wameiita programu ya kiangazi. Akaniuliza, kiangazi cha Kampala ni kipi, cha vumbi ama cha matope? Tukacheka. Halafu tukafika kwenye swali la namba ya pasipoti, na kicheko kikaisha.

Pasipoti hana, ana kadi ya mkimbizi. Chini kidogo kuna swali lingine: unakubali jina na picha yako vitangazwe? Huyu dada alitoka Kivu ya Kusini akiwa na miaka 11. Kule kwao jina lako likiandikwa kwenye orodha ya watu, hiyo haikuwa heshima. Akazima simu. "Nitajaza kesho." Mimi nafanya kazi na vijana, hiyo kesho naijua.

Fomu ilitaja mwaka 1964 na jimbo la Mississippi, Marekani, kama mfano wa vijana waliotetea haki. Nikaenda kusoma. Nilidhani nitakuta hotuba na maandamano. Kumbe hata kule habari ilianza na fomu, tena fomu mbili.

Ya kwanza ilikuwa fomu ya kuandikishwa kupiga kura. Mississippi watu weusi walikuwa na haki ya kura kwenye karatasi, lakini kwa kweli walikuwa hawapewi. Fomu ilikuwa na maswali 21. Ulitakiwa unakili kifungu cha katiba ya jimbo, kisha ukieleze maana yake, na aliyeamua kama umeeleza vizuri ni karani mzungu peke yake. Kuanzia 1962 sheria ilisema majina ya walioomba yachapwe kwenye gazeti la pale kwa wiki mbili. Mwajiri alisoma, mwenye nyumba alisoma, na wale wenye bunduki pia walisoma.

Fannie Lou Hamer alikuwa mkulima kwenye shamba la pamba. Tarehe 31 mwezi wa 8 mwaka 1962 alipanda basi na wenzake 17 kwenda mji wa Indianola kujaza hiyo fomu. Alishindwa mtihani. Jioni ileile mwenye shamba alimwambia aondoe jina lake ama aondoke. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 18. Aliondoka. Alijaribu tena, na mwezi wa 1 mwaka 1963 akafaulu.

Fomu ya pili ilikuja 1964. Vijana wa shirika la SNCC pamoja na mashirika mengine waliandaa mradi ulioitwa Kiangazi cha Uhuru. Waliita wanafunzi wa vyuo, wengi wao wazungu wa kaskazini, waje Mississippi kusaidia watu kujiandikisha na kufundisha katika Shule za Uhuru. Kila mwombaji alijaza fomu. Aliambiwa aje na dola 500 za dhamana akikamatwa. Na aliombwa aandike majina ya watu angalau 10 ambao wangependa kujua habari zake akiwa kule.

Hapo niliacha kusoma kidogo. Fomu ya serikali ilichukua jina lako ikalitangaza ili uumizwe. Fomu ya SNCC ilichukua majina ya watu wako ili ukipotea mtu apige kelele. Na walipotea kweli. Tarehe 21 mwezi wa 6, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner waliuawa karibu na mji wa Philadelphia, Mississippi. Miili yao ilipatikana tarehe 4 mwezi wa 8. Chaney alikuwa mweusi wa palepale, wawili ni wazungu wa New York. Wengi walisema wazi kwamba angekufa Chaney peke yake, nchi isingemtafuta hivyo.

Miaka baadaye mwanasosholojia Doug McAdam alizikuta zile fomu zimehifadhiwa, na 1988 akatoa kitabu. Alilinganisha zaidi ya vijana 700 waliokwenda na zaidi ya 200 waliokubaliwa halafu wakabaki nyumbani. Mimi ningesema waliokwenda ndio walikuwa na imani zaidi. Hapana. Kwa imani walikuwa karibu sawa. Tofauti kubwa ilikuwa marafiki: waliokwenda walikuwa na watu wa karibu wanaokwenda pia, ama waliokwisha kuwa ndani ya harakati.

Kiangazi kile watu weusi kama 17,000 walijaribu kujiandikisha, na waliokubaliwa ni kama 1,600 tu. Ukihesabu hivyo utasema walishindwa. Lakini zile fomu zilizokataliwa zilikuwa ushahidi, na tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1965 Marekani ilipitisha sheria ya kulinda haki ya kupiga kura.

Sasa turudi Kampala. Sisi hatuko Mississippi, na sitaki mtu asome hapa aende kutafuta matatizo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa mambo ambayo ile ya 1960 haikutupa. Ile ya zamani ilitaka mkimbizi akae kambini. Hii ya sasa inaruhusu kutembea, kufanya kazi, na kuunda vikundi visivyo vya siasa wala vya faida. Lakini inakataza mkimbizi kufanya siasa ndani ya Uganda. Kwa hiyo neno "utetezi" kwetu lina mpaka. Kumsindikiza mama asiyejua Kiingereza hospitali ama polisi, kufundisha jirani maana ya karatasi aliyopewa Old Kampala: hiyo ni kazi ya haki, na iko ndani ya sheria. Inafanana na kazi ya Kiangazi cha Uhuru, kusaidia watu na karatasi zinazowahukumu.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, nawaomba mawili. Kwenye fomu zenu wekeni nafasi ya kadi ya mkimbizi na ya CTD, si pasipoti peke yake. Na swali la picha, mtu akijibu hapana, isimpunguzie alama. Anajua anachokikimbia.

Kwa vijana wenzangu, wa mjini na wa Nakivale: usijaze peke yako usiku na bando inakaribia kuisha. Yule dada alirudi Jumamosi na wenzake watatu. Tulikaa kwenye benchi la kanisa, kila mmoja na simu yake. Kwenye picha aliandika hapana. Kwenye pasipoti tuliandika namba ya kadi na maelezo mistari miwili. Kisha kila mmoja akaandika majina ya watu wake 10 kwenye daftari, ingawa fomu haikuuliza. Mmoja alifika 4 akakwama. Wengine wakamwambia, tuandike sisi.

Majibu bado. Daftari liko kwangu. Jumamosi saa 4 asubuhi tunakaa tena. Njoo na kadi yako, na usije peke yako.